Kilele cha Nani?

Kuna neno la Kiswahili ambalo wataalamu wetu wanalitumia kila siku bila kulitilia shaka: bora. Liweke nyuma ya nomino, umesifu: elimu bora, mbegu bora, maisha bora. Litangulize, umekata tamaa: bora elimu, bora mbegu, bora maisha. Lipe kitenzi, umetupa na jembe: bora liende. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali lilipokaa, na nani kaliweka hapo.

Nimekuwa nalo kichwani wiki kadhaa kwa sababu ya jambo ambalo sisi wasoma riwaya huwa tunalipita mbali: jinsi takwimu zinavyotumika kutafuta njia bora ya kutengeneza vichocheo vya metali, vile vidogo mno vya kiwango cha nano. Najua, hii ni blogu ya vitabu. Nivumilieni. Swali lililomo humo ni letu kabisa, ni lile tunalolirudia kila tukigombana juu ya tuzo za fasihi: huyo aliyesema hiki ndicho bora, alipima nini, na aliamua lini kwamba kinachopimwa ni hicho?

Nianze na mahali. Mimi ni mtu wa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita karibu. Ukishika njia ya Njombe ukaendelea mpaka Ludewa, unafika kwenye majina mawili ambayo kila mtoto wa mkoa wetu amekua akiyasikia redioni: Mchuchuma na Liganga. Mchuchuma kuna makaa ya mawe, tani zinazotajwa ni milioni 428. Liganga kuna chuma, tani milioni 126, kikiwa kimechanganyika na titaniamu na vanadiamu. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitiliana saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China: mradi wa dola bilioni 3, migodi, umeme wa megawati 600, kiwanda cha chuma. Miaka ikaenda. Fidia ya watu waliopisha maeneo hayo, zaidi ya shilingi bilioni 15, ilikuja kulipwa mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi.

Sasa, kwa mkemia, makaa na chuma vikikaa jirani ni habari nyingine kabisa. Si nondo tu. Chuma ni kichocheo. Vanadiamu ni kichocheo, ndiyo inayotumika kutengeneza asidi ya salfuriki. Na makaa ya mawe yakikutana na mvuke wa maji kwenye joto kali yanatoa gesi ambayo, ikipitishwa juu ya chuma kilichoandaliwa vizuri, inageuka mafuta ya magari. Wajerumani waligeuza gesi ya makaa kuwa mafuta kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili. Afrika Kusini ilifanya hivyo pale Sasolburg kuanzia miaka ya 1950. Kwa hiyo ile milima ya Ludewa, kwa jicho la mkemia, ni maabara iliyolala.

Lakini kisa kikubwa cha chuma kama kichocheo ni cha amonia, na hapa naomba tukae kidogo, maana mbolea ya mahindi na viazi vya Njombe imetoka humo.

Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na haidrojeni ikawa amonia. Kichocheo chake kilikuwa osmiamu, metali adimu mno. Kampuni ya BASF ikampa kazi mtu anayeitwa Alwin Mittasch atafute kichocheo rahisi. Huyu bwana na wasaidizi wake walijaribu michanganyiko kama 2,500, majaribio yapata 6,500 kufikia mwaka 1912. Chuma safi hakikufanya kitu cha maana. Kilichofanya maajabu ni jiwe la chuma kutoka Gällivare, Uswidi, jiwe la aina ya magnetaiti, chafu, lenye vitu vingine ndani yake. Ule uchafu ndio uliokuwa siri. Wakaanza kuuiga makusudi, kidogo alumina, kidogo potasiamu, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi. Chuma cha Liganga nacho ni cha ukoo huo wa magnetaiti, na uchafu wake ndio umekuwa ukiwaumiza vichwa mafundi wa tanuru. Uchafu wa mtu mmoja ni kiungo cha mwingine. Inategemea unapika nini.

Mittasch alikuwa anapima kitu kimoja: amonia inatoka kiasi gani. Ndicho alichoulizwa. Mwaka mmoja baada ya Oppau vita vikaanza, na amonia ile ile ikawa asidi ya naitriki, na asidi ikawa baruti, wakati meli za Ujerumani haziwezi tena kwenda kuchukua chumvi ya naitreti Chile. Vita vikaendelea hadi Novemba 1918. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Oktoba, kikosi cha Lettow-Vorbeck kilipita Ubena, yaani kwetu, kikiwa na wapagazi wake na njaa yake. Sisemi Mittasch ndiye aliyewaleta. Nasema kwenye jedwali lake hapakuwa na safu ya swali "itatumika kufanya nini", na jedwali lisilo na safu hiyo haliwezi kulijibu hata ukilijaza majaribio laki moja.

Mtu ataniambia: unamwonea, angejuaje? Ni kweli, asingejua. Ndiyo maana sitaki kumhukumu Mittasch. Nataka kuuliza juu yetu, ambao sasa tuna zana ambazo yeye hakuwa nazo.

Zana hizo ni hivi. Mittasch alikwenda kwa nguvu na subira. Leo mtu anakwenda kwa mpango. Mkulima wa Njombe ataelewa haraka kuliko mimi. Ukitaka kujua mbolea inasaidiaje, ukaijaribu mwaka wa ukame, utasema mbolea haifai. Ukataka kujua mvua inasaidiaje, kwenye shamba lililochoka, utasema mvua haifai. Vyote viwili vinategemeana. Ukibadilisha kimoja kimoja huku kingine umekifunga kamba, hutaona hilo kamwe. Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliyekuta kumbukumbu za mashamba ya majaribio zilizoanza 1843, ndiye aliyefundisha dunia kubadilisha mambo kadhaa kwa pamoja, kwa mpangilio, na kupiga kura ni shamba lipi lipate nini ili mtu asijipendelee. Mwaka 1951 George Box na K. B. Wilson, wakiwa kampuni ya kemikali ya ICI, wakaleta wazo hilo kwenye mitungi ya kemia. Chukulia joto, uchachu na kiasi cha malighafi, walisema, kama mtu anayepanda mlima kwenye ukungu. Huoni kilele. Unapima hatua chache kuzunguka ulipo, unajua upande upi unapanda, unasogea, unapima tena. Mambo matatu, kila moja likiwa na viwango vitano, ukiyajaribu yote ni majaribio 125. Kwa mpango wao, 20 yanatosha kukuchorea mlima wote.

Nikiri naipenda sana hesabu hii. Ina unyenyekevu ambao siuoni kwenye uhakiki wetu wa vitabu. Inakulazimisha urudie jaribio lile lile la katikati mara kadhaa ili ujue mkono wako unatetemeka kiasi gani kabla hujadai umeona tofauti. Wangapi kati yetu tumeisoma riwaya ile ile mara sita kabla ya kuihukumu?

Kwenye vichocheo vya nano hesabu hii imekuwa kama chumvi kwenye mboga, na sababu ni ukubwa, au tuseme udogo. Chukua kipande cha chuma cha sentimita moja kila upande. Ngozi yake ya nje ni sentimita za mraba 6. Kikate kiwe vipande vya nanomita 10 kila upande, uzito ule ule, ngozi yote pamoja inakuwa mita za mraba 600, kubwa kuliko uwanja wa netiboli. Kazi ya kichocheo hufanyika kwenye ngozi. Lakini chembe hizo ni jeuri: ongeza joto kidogo zinagandana, badilisha uchachu kidogo zinakuwa kubwa, koroga polepole zinakuwa za saizi mchanganyiko. Kila kitu kinategemea kila kitu. Bila takwimu unabahatisha.

Mdogo wangu anafanya kazi hiyo hasa kwa shahada yake ya uzamili, chuo sitakitaja. Anatengeneza chembe za chuma kwa kutumia maji ya magome ya miwati. Miwati kwetu si mti wa kuulizia. TANWAT wanaipanda Kibena tangu 1949 kwa ajili ya tanini ya kusindikia ngozi. Tanini hiyo ikikutana na chumvi ya chuma, maji yanageuka meusi tii. Nilipoona picha nikamwambia, huu si ni wino! Na kweli ni wino: kwa karne nyingi Ulaya waliandikia tanini na chumvi ya chuma. Vitabu vingapi tunavyoviabudu vimeandikwa kwa kile anachokiita "mabaki ya mtungi namba tisa".

Chembe zake anazitia kwenye maji yenye rangi ya kitambaa, anaongeza peroksaidi, anapima rangi imepotea asilimia ngapi baada ya nusu saa. Majaribio 20, kama wale wazee walivyosema. Jioni moja akanipigia.

"Dada, kilele nimekipata."

"Kilele cha nini?"

"Cha kuondoa rangi."

"Na hayo maji yakishaondoka rangi, naweza kuyanywa?"

Akacheka. "Dada nawe! Hiyo haimo kwenye jedwali."

Hakukosea. Msimamizi anataka asilimia, majarida yanataka asilimia, na asilimia aliipata. Ila baada ya siku chache alipima chuma kinachobaki ndani ya maji baada ya kazi, akaongeza safu. Akachora upya. Kilele cha rangi kilikuwa upande mmoja, na mahali ambapo chuma kinachobaki ni kidogo palikuwa upande mwingine kabisa. Milima miwili juu ya ardhi moja. Akaniuliza, sasa nipande upi? Hapo takwimu zilinyamaza, kwa sababu hilo si swali la takwimu.

Wapo wanaosema hesabu haina dhambi, ni kama kisu, kinakata nyanya na kinakata mtu. Mimi mfano huo wa kisu umenichosha. Kisu hakikuambii ukate nini. Jedwali linakuambia, kila siku, kwa kutulia, kwa sababu kinachopimwa kinaboreshwa na kisichopimwa kinabaki kulipa gharama. George Box mwenyewe hakuanzia takwimu darasani. Alikuwa askari kijana mkemia wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale Porton Down, wakijaribu gesi za sumu juu ya wanyama, na matokeo yakawa hayaeleweki, hakuna wa kuyachambua, akaambiwa basi fanya wewe. Baadaye alioa binti wa Fisher, na Fisher huyo huyo, bingwa wa kutojipendelea, miaka ya 1950 alibishia ushahidi wa sigara na saratani huku akilipwa ushauri na watengenezaji wa sigara. Siwataji ili tuwatupilie mbali. Nawataja kwa sababu walikuwa waangalifu kuliko karibu wote waliowatangulia, na bado uangalifu wao ulianzia baada ya safu ya mwisho kuwa imeshaandikwa.

Kuna jibu ambalo mafundi wamelitoa, na ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1980 Derringer na Suich walieleza namna ya kupanda milima kadhaa kwa wakati mmoja. Kila tokeo unalipa alama kati ya 0 na 1: 0 maana yake halikubaliki, 1 maana yake limenitosheleza. Kisha unaziunganisha alama. Unaweza kuzipa uzito tofauti. Mpaka hapo ni kawaida. Lakini angalia wanaziunganishaje. Hawazijumlishi. Wanazizidisha, halafu wanatafuta kipeuo.

Simama hapo kwenye kuzidisha. Ukijumlisha, kitu kizuri sana kinaweza kukilipia kitu kibaya sana. Rangi imeondoka yote, alama 1. Maji hayanyweki, alama 0. Wastani ni nusu, na nusu ni ufaulu. Ukizidisha, moja mara sifuri ni sifuri. Jaribio zima limekufa. Hakuna wingi wa rangi iliyoondoka unaoweza kuyanunua maji.

Maadili yote niliyowahi kusoma, ya dini na ya falsafa, yamegawanyika kwenye mstari huo. Wapo wanaojumlisha: furaha ya wengi, toa maumivu ya wachache, tazama kilichobaki. Wapo wanaozidisha: kuna jambo likivunjwa, mengine yote hayana hesabu. Kwa kawaida tunabishana kana kwamba lazima tuchague kambi. Nilichokipata kwenye jedwali la mdogo wangu ni kwamba wote tunafanya yote mawili, na kinachotutofautisha ni orodha ya vile tunavyovizidisha. Mama anayeuza nyanya stendi ya Makambako anajumlisha bei na usafiri na ushuru bila shida. Ila mwambie biashara ni nzuri sharti mtoto abaki barabarani usiku, uone kama atatafuta wastani.

Sasa ipo hatari upande huu pia, na sitaki kuificha. Anayezidisha kila kitu hafanyi chochote. Ukiweka sifuri kila kona, hakuna mgodi, hakuna kiwanda, hakuna mbolea, na njaa nayo ni sifuri. Ludewa hawajasubiri miaka yote hiyo kwa sababu ya usafi wa mtu. Na kuna wanasiasa wa kutisha ambao sifuri yao ni moja tu, heshima yao. Kwa hiyo bado kuna kazi ya kukaa chini na kuulizana: sifuri inaanzia wapi, na nani anaiandika?

Mafundi wenyewe wakati mwingine wanajibu vizuri kuliko wanafalsafa. Genichi Taguchi, mhandisi wa Kijapani ambaye mbinu zake watengenezaji wa vichocheo wanazitumia sana, aliufafanua ubora kwa hasara: kitu kikishatoka kiwandani, kinaisababishia jamii hasara kiasi gani? Jamii, si mnunuzi peke yake. Kisha akasema usitafute kilele kilichochongoka, tafuta uwanda, mahali ambapo mambo usiyoweza kuyazuia yakibadilika matokeo hayaporomoki. Mwaka 1953 kiwanda kimoja cha vigae huko Japani kilikuwa na tanuru lisilopata joto sawa kila upande. Badala ya kulivunja tanuru, walibadilisha mchanganyiko wa udongo, vigae vikatoka sawa hata joto lilipotofautiana. Kwa maabara ambayo umeme unakatika saa nane mchana huku mtungi uko motoni, huo ndio ushauri. Mdogo wangu kakihama kilele chake kwa sababu hiyo pia. Kipo kidogo chini, lakini Tanesco wakikata hakianguki.

Ila sifuri yake ya chuma kwenye maji ilitoka wapi? Nilimuuliza. Akanitajia miligramu 0.3 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja. Nikadhani ni kiwango cha sumu. Kumbe sivyo. Chuma kikipita hapo, watu wanaanza kuionja ladha yake, na nguo zinazofuliwa zinapata madoa. Sayansi yote ile, ngozi za mita 600, kilele na uwanda, imefungwa mwishoni na ulimi wa mtu aliyeonja maji akakunja uso, na mfuaji aliyeona doa kwenye shati. Mtu aliulizwa, au angalau alisikilizwa, na jibu lake likawa namba.

Makaa ya Mchuchuma yako kwenye bonde la Ruhuhu. Mto huo unaingia Ziwa Nyasa pale Manda, na msimu wa mvua mbasa, yule samaki ambaye watu wa ziwani wanamsifia kuliko wote, wanatoka ziwani na kuupanda mto kwenda kutaga. Mradi una safu zake, tumezisikia miaka mingi: tani, megawati, dola. Siku mashine zitakapowashwa kutakuwa na kichocheo, na tanuru, na kijana mwenye kompyuta anayetafuta mahali bora. Wa Manda wanajua maji ya Ruhuhu yakiwaje mbasa hapandi. Wanajua rangi yake, wanajua mwezi. Sijui kama kuna aliyewauliza namba.